Mashine ya Kuvunjia Sakafu ya Ulezi

Baba,

Nimenunua mashine ya kuvunjia zege. Najua huko uliko umeshasonya. Ungekuwa hai ungeniuliza navunja nini, na nisingekuficha: sakafu yako ya kupuria ulezi, ile uliyoimwaga nyuma ya nyumba Mollo mwaka nilioolewa nikahamia mjini, Mazwi. Kaa vizuri nikueleze, maana sitaki ulisikie kwa mwingine.

Ulituacha wakati wa kiangazi, ulezi ukiwa tayari ndani. Mvua za kwanza bila wewe zilipofika, maji yalitiririka juu ya ile sakafu moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa chumba cha Mama. Plasta ikavimba, ikaanza kubanduka, na ufa ukajitokeza chini ya dirisha. Mama hakutuambia kitu. Alichukua jembe, na kila mvua iliponyesha akawa anatoka kuyavuta maji yasifike ukutani, peku, mwanamke wa umri wake. Siku moja akateleza. Jirani alimkuta amekaa kwenye maji, na alipomwinua Mama alimwomba asinipigie simu. Alinipigia hata hivyo. Nyonga haikuvunjika, lakini mpaka leo Mama anatembea akishika ukuta, na kila nikiona wingu nampigia simu.

Nilikukasirikia, Baba. Wewe uliyekuwa hupandi hata nguzo ya banda la nguruwe bila kupima usawa kwa mpira wa maji, uliwezaje kumwaga sakafu yenye mteremko wa kuelekea nyumbani? Nilijiambia ulikuwa umeanza kuzeeka na hakuna aliyegundua. Kaka Deo alipiga simu kutoka Mpanda akasema, "Vunja yote, tutamwaga upya." Ukiwa Mpanda ni rahisi sana kuvunja vitu vya Mollo.

Basi nikaenda dukani kwa Bwana Nasoro, pale ulipokuwa unanunua saruji. Nilimwamkia, akanipa pole ya msiba kana kwamba ulikuwa wa jana. Kisha akanipangia mashine juu ya kaunta. Ndogo kabisa ilikuwa ya kutobolea ukuta, ambayo kwenye sakafu yako ingekwaruza tu. Ya kati inazunguka ukitaka kutoboa, na ukigeuza swichi inagonga tu bila kuzunguka. Ile kubwa yenye mikono miwili ilikuwa chini, kwa sababu kaunta isingeibeba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye hiyo kubwa. Nilitaka kitu cha kuimaliza ile sakafu kwa siku moja nisiione tena. Nikainama kuinyanyua. Ilikuwa nzito kama debe la mahindi, ikanyanyuka kidogo ikanirudisha chini nayo, mbele ya wateja.

"Hiyo inataka mtu wa kazi hiyo," alisema Bwana Nasoro. "Na huo ukuta una ufa, umesema?"

"Unao."

"Basi usiiwashe karibu yake. Mtetemo wake utakuangushia nyumba, mwanangu, halafu urudi kwangu kununua saruji. Nitakuuzia, lakini kwa huzuni."

Nilimwuliza kuhusu kukodi. Akasema inakuja na mwendeshaji wake, na mwendeshaji ana haraka ya kwenda kwingine. Nikaondoka bila kununua, nimeudhika, nikapanda bodaboda kwenda Mollo kumwambia Mama kwamba sakafu inavunjwa.

Mama alikuwa anachagua maharage. Nilipomaliza kusema, aliweka ungo chini.

"Hamvunji."

Nikamwambia kwamba ulikosea mteremko. Nililisema kwa ukali, na sijui kwa nini nilitaka aumie pamoja nami.

"Baba yako hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia aielekeze ukutani. Ulezi ni mdogo, Skola. Ukikimbilia kwenye udongo umekwenda. Ukikimbilia ukutani naufagia wote. Akaniambia, mvua itatusumbua. Nikamwambia, mvua ni yako, ulezi ni wangu. Akacheka, akamwaga hivyo hivyo, na kila mvua ikinyesha akatoka yeye na jembe."

Baba, sikujua. Mimi nilikuwa nakuja wakati wa mavuno, barabara ikiwa kavu, nakula ugali wa ulezi usio na chembe ya mchanga na kumsifu Mama. Wakati wa mvua nilikaa mjini. Hakuna aliyeniambia kwamba miaka yote hiyo, kila mvua iliponyesha, ulikuwa unatoka na jembe kulipia maneno yale. Na wewe hukulalamika hata siku moja, jambo ambalo nalo linaniudhi. Ungelalamika kidogo tungejua.

Nilirudi kwa Bwana Nasoro nikiwa na swali jingine kabisa. Sikuhitaji tena mashine ya kuvunja sakafu. Nilihitaji ya kutoa kipande chembamba kando ya ukuta, cha kupitisha mfereji, na kuiacha sakafu iliyobaki jinsi ulivyoiacha. Nikachukua ile ya kati. Nilisimama nayo mikononi nikaona naiweza, haizidi uzito wa mtoto anayeanza kukaa. Nikachukua ncha kali ya kupasulia na ncha bapa ya kunyooshea kingo. Akaniongezea ya tatu, pana kama koleo, ya kuchimbia udongo mgumu, akasema bustani ya Mama itaishukuru wakati wa kiangazi. Nimeona amesema kweli. Vile vishina vya nguzo za banda la nguruwe, ulivyovimwagia zege utadhani nguruwe ni tembo, navyo vinasubiri kuvunjwa. Mashine ya kukodi nisingeweza kuikodi upya kwa kila kishina.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri. Jioni umeme wa Mollo unakuwa mdogo na mashine inakoroma tu bila nguvu, kwa hiyo nilifanya asubuhi. Waya wako mwembamba wa kuvutia umeme ulipata moto mpaka ukanuka, nikaazima mnene kwa jirani. Nilianza katikati kwa ujinga, ncha ikanasa, nikahangaika nayo mpaka nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unamega jiwe, ukianzia pembeni. Nikahamia pembeni, na zege likaanza kukubali, pande kwa pande. Mama alikaa mlangoni na kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Hakusema neno isipokuwa, "Taratibu hapo," kila nilipoukaribia ufa. Ile miwani ya kazi haifai kulia nayo, Baba. Ukungu unaingia ndani na huoni unavunja nini.

Mfereji umekwisha. Nimeupiga plasta, unatoa maji hadi kwenye migomba. Wakati wa kupura, Mama ataufunika kwa mbao ili ulezi usitumbukie. Hilo wazo ni lake.

Jana mchana mvua ikaanza. Niliacha kila kitu nikapanda bodaboda, sikukumbuka hata koti. Nilifika nimelowa chapachapa, nikakimbilia nyuma. Maji yalikuwa yanashuka kwenye sakafu yako, yanafika kwenye mfereji, yanageuka, yanakwenda zake. Hata tone halikugusa ukuta. Nilitaka kushangilia. Nikageuka, nikamwona Mama amesimama mlangoni anayatazama.

"Umefanya vizuri," alisema. Kisha akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Alikuwa akirudi ameloa, namkausha mgongo. Hapo ndipo tulipokuwa tunaongea."

Nilikuwa nimehesabu ukuta, nyonga, ufa na unene wa zege, na hilo sikulihesabu. Halafu akaniona jinsi nilivyolowa, akasonya, akaniambia nigeuke. Akafungua kitenge alichojitanda, akaanza kunikausha mgongo, polepole, na akaanza kuongea. Alinieleza habari zako ambazo sikuwahi kuzisikia, mpaka mvua ikakatika, na wakati wote huo sikugeuka kumwangalia.

Pumzika, Baba. Ukuta unakauka. Mvua nimeichukua mimi. Kila itakaponyesha nitapanda bodaboda kwenda Mollo, na nakuahidi, koti la mvua nitaliacha nyumbani.

Mwanao,
Skola