Kuku wa Mama Lofemba

Jumatatu, 6 Machi 1978
Wali umeungua tena. Nimeula hivyo hivyo, mlango nimefunga. Mama Lofemba, jirani tunayeshiriki naye uwanja mmoja, ameniletea lituma, ndizi zao za kupondwa, na nyama ya nguruwe. Mara ya tatu hii. Nimesema nimeshiba. Uongo mtupu. Harufu ya wali wangu ilijaa uwanja mzima. Mimi Mwislamu wa Kasongo, sigusi nguruwe, na nyama nyingine sijui nani kaichinja. Lakini kumwambia mtu mwema kwamba chakula chake ni haramu kwangu, ulimi unakuwa mzito.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemsalimia asubuhi. Hakuitika. Watoto wake walikuwa wakicheza mlangoni kwangu, akawaita.

Shuleni mwalimu mwenzangu amenieleza ninavyosemwa mtaani: mwalimu mgeni anakataa chakula cha watu, basi anawaona wachawi, anaogopa sumu. Nimeona haya hadi masikio.

Na Zaina anakuja. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, hapa hajui mtu. Siku ya uchungu nitamwita nani? Watu pekee walio karibu nimewafungia mlango. Mjinga mimi.

Jumamosi, 11 Machi
Nimemwendea Papa Lofemba, alikuwa anashona wavu wake. Nimesema yote, ya nguruwe na ya kuchinja. Aliendelea kushona, nikajua nimeharibu zaidi. Kisha: “Alors, mwalimu, juu ya nini haukusema? Bibi yangu analia kila siku, eti unamuona ndoki, mchawi!” Nimeomba msamaha. Hakusema kama amenisamehe.

Jumapili, 12 Machi
Mama Lofemba katoka kanisani moja kwa moja hadi kwangu. Kuku kwapani, kisu mkononi.

“Chinja weye mwenyewe. Sufuria nilishaisugua na majivu. Nguruwe haitaingia mule tena.”

Sijawahi kuchinja huku nikitazamwa na familia nzima. Nimechinja. Tumekula uwanjani, sinia moja, lituma na mchuzi, watoto wakigombania shingo. Tonge la kwanza lilinitoa machozi, nikajifanya pilipili imenizidi. Papa Lofemba akacheka, akanisogezea paja. Mungu awabariki watu hawa. Mimi niliwaumiza wiki nzima, wao walikuwa wanatafuta namna ya kunilisha.

Jumatano, 22 Machi
Zaina alifika juzi, miguu imevimba kwa safari. Leo nimerudi kutoka shuleni nikakuta kwetu kumefungwa. Nimezunguka nyumba nikiita.

Kumbe yuko nyuma, kwenye jiko la Mama Lofemba. Wameketi mkeka mmoja, vidole vimejaa mafuta ya samaki, wanacheka hadi hawakunisikia. Sinia limebaki miiba tu. Hawakuniwekea hata mkia.

Nimekunywa maji, nikaketi nao. Nimefurahi mno.