Paipu Nyeusi ya Dipu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kambi ya polisi, barabara ya Kaplong, Wilaya ya Bomet, Jumatatu tarehe 13 Desemba 1993, saa tisa mchana.

Jina: Rebeccah Taprandich, mjane wa Johana arap Mosonik.
Umri: Hajui mwaka. Kama miaka sabini.
Kazi: Mkulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa.
Makao: Ng'ambo ya mto, nyuma ya dipu ya zamani, josho la kuogeshea ng'ombe.

Nimekuja kwa miguu kwa sababu ya fundi Ogeto. Watu wanataka kumuua kwa kosa la kijana wangu. Andika hilo kwanza.

Mnamo Alhamisi tarehe 9 Desemba, Ogeto alikuwa kwangu akituvutia maji kutoka chemchemi. Ni Mkisii, amekaa kwetu miaka mingi na mke wake Bonareri, na hajaniibia hata kijiko. Alilaza paipu ya kijivu, ile ngumu ya maji ya kunywa, akaunganisha na gundi. Ile ya rangi ya udongo aliiweka jikoni, ya kutoa maji machafu. Ya kijivu ikaisha kabla ya kufika kwa tangi. Akasema, "Mama, ngojeni Jumatatu nilete ingine kutoka Sotik." Akaenda.

Lakini Jumamosi vijana wetu walikuwa wanatoka menjo, nyumba ya waliotahiriwa, na wageni ni wengi. Kijana wangu Kipkirui akasema hataaibishwa na kubebea wageni maji kwa mitungi. Ijumaa asubuhi nilimwona anatoka kwa dipu na paipu nyeusi begani. Paipu hiyo ilikuwa inarudisha dawa ya kupe kwa shimo la dipu, kutoka pale ng'ombe walikuwa wanasimama wakauke. Nikamwambia, "Wewe, hiyo ni ya ng'ombe!"

Akacheka. "Mama, dipu ilifungwa. Hii ni plastiki, ni kama kikombe tu, unasuuza."

Akamwaga ndani maji ya ndoo mbili, akaiunga mwenyewe na ile ya kijivu, akafunga kwa blada, mpira wa tyubu ya gurudumu. Maji yakaja, watu wakapiga makofi. Mimi nikasema yananuka dipu. Wakasema pua yangu imezeeka.

Jumamosi jioni watoto watatu walianza kutapika na kutetemeka, mate yanatoka kama ya ndama mgonjwa. Mmoja ni Cheptoo, binti ya Kipkirui. Wote wako hospitali. Wawili wamekunywa uji. Cheptoo bado.

Jumapili baada ya kanisa wanaume walisimama mbele ya duka. Mmoja akasema yule Mkisii ametia sumu kwa maji. Nikamwangalia Kipkirui. Akasema, "Paipu zote aliweka yeye." Wewe afande unajua vile ilikuwa hapa mwaka jana, wakati wa vita vya makabila. Nyumba zilichomwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Leo asubuhi Kipkirui alifungua ile nyeusi, akaikatakata na panga, akaitupa chooni. Nilimwona, na aliniona. Akasema, "Mama, ukisema, umenizika." Nikamwambia atoke mbele yangu.

Saa sita Ogeto na mke wake walikuja kwa mlango wa nyuma. Bonareri hakuwa na viatu. Akasema, "Mama, wale wanaume wako kwetu sasa hivi." Nimewafungia ghalani, juu ya mahindi. Na Kipkirui anaishi boma hilo hilo! Ogeto ana kikohozi. Nimemwambia aume shati asisikike.

Nilipita katikati ya majani chai, mtu mzima kama mimi, nimeinama kama mwizi. Sasa wewe unaandika polepole, na wenzako wako pale na vikombe. Nani aliwafundisha kazi? Paipu iko chooni. Itoeni, muinuse wenyewe.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu. Sina mengine. Nendeni.

Alama ya kidole gumba cha shahidi: Rebeccah Taprandich

Maelezo ya afisa: Shahidi hajui kuandika. Nimemsomea yote kwa Kiswahili, amekubali ni yake. Nilimweleza kwamba maneno haya yanaweza kumfikisha mwanawe kortini, nikamuuliza kama anataka jina la kijana huyo lifutwe. Akafuta wino kidoleni kwa leso, kisha akaniuliza gari la kwenda kumchukua Ogeto linangojea nini.

Konstebo Ndambuki