Waya wa Pampu, Shemegi, Niliufunga Mimi

Shemegi yangu Kombo,

Vumilia mwandiko. Skuli niliiacha darasa la tano, kwa hiari yangu na ya mwalimu. Wewe ulisoma ukafika mpaka chuo cha ufundi, ukarudi Wawi na kikaratasi kwenye fremu. Haya, na nani kalala chini ya udongo, na nani yupo juu anakunywa kahawa? Sikucheki. Nakucheka kidogo.

Nikwambie jambo usilolijua, maana ulikuwa umeshafunikwa. Siku ya maziko yako, kabla jeneza halijanyanyuliwa, shehe alimpelekea dada yangu Time swali mlangoni, lile analoulizwa kila mjane: umemsamehe mumeo? Mkeo akajibu kwa ndani, sote tukasikia: "Yote nimemsamehe. Hili la waya, bado." Ukaenda kaburini na hilo bado lako, na mimi nimeshika ubao wa mbele. Ulikuwa mzito, yakhe. Hata moto haukukupunguza.

Kwa nini alisema vile? Kwa sababu asubuhi ile mimi ndiye niliyemwambia kwamba waya uliokuua uliufunga mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisomesha pale uani kwako? Umevua viatu, maana wewe kwenye gari ulikuwa unaingia kama unaingia msikitini. Unafungua kile kikasha cheusi kando ya injini, unaninyooshea kidole. Ukasema kompyuta ya injini haibebi mzigo wowote, ina mikono laini. Inasikiliza tu. Maji ya rejeta yakichemka inaletewa habari, nayo inaipa rilei amri ndogo, umeme wa kumwasha nzi. Rilei ndiyo inayojifunga, tak! na kupitisha umeme mkubwa wa kuzungusha feni. Nikakwambia, basi kompyuta ni dada yangu na rilei ni wewe: yeye anakonyeza jicho tu, wewe mbio sokoni na kikapu. Ulicheka mpaka bisibisi ikakuponyoka. Ulikuwa mwepesi kucheka, ndiyo maana nilikuonea sana.

Na pampu ya petroli ukanieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya nimelala. Ukiwasha swichi, kompyuta inaipa pampu sekunde chache tu, kisha inangoja. Ikihisi injini inazunguka, inaachia petroli iende. Injini ikizima, hata kama ufunguo umebaki umewashwa, inaikata. Nikauliza ya nini uchoyo wote huo. Ukasema gari likipinduka, petroli isiendelee kumwagika. Nikakwambia kompyuta hiyo ina roho ya bibi kizee, inaogopa hata ambalo halijatokea.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Akina mama saba wameshajipanga barazani kwako, wamefukiza udi, wanakwenda harusini Chokocho kwa gari lako. Gari haliwaki. Ukapima, ukasema rilei ya pampu ni nzima ila haipati amri, na kihisio cha pampu, cha kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ndicho kilichokufa; cheche zina kihisio chao. Kingine kitakuja na boti kutoka Unguja, kesho au keshokutwa. Ukawaomba radhi wale mama, watafute gari jengine.

Ndipo nilipoanza. Nilikuita daktari wa waya. Nikawauliza wale mama kama washaona fundi anayeomba ruhusa kwa kisanduku. Nikasema huyu ameolewa na kompyuta, na mahari ametoa yeye. Walicheka, Kombo, mama watu wazima walicheka wakashika mbavu, na wewe ukafunika kikasha chako. Ukaenda kusali adhuhuri.

Uliporudi, pampu ilikuwa inanguruma. Nilikuwa nimeshavuta waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye pampu, moja kwa moja, nimeiruka rilei na kompyuta yake. Nimeumenya kwa meno. Gari likawaka kwa mkupuo mmoja, akina mama wakapiga vigelegele, wananipigia mimi.

Ulinivuta kando ukasema taratibu, "Shemegi, huu hauzimi mpaka uzime ufunguo. Tukianguka, pampu itaendelea kutapika petroli."

Nikakujibu kwa sauti ya kusikika barazani, "Ukianguka na tumbo hilo, petroli itakuwa shida ndogo."

Wakacheka tena. Ukaingia kwenye gari. Kwa mara ya kwanza nilikuona unaingia na viatu.

Yaliyobaki nimeyapata kwa mama hao hao. Ng'ombe katoka kwenye migomba, wewe ukamkwepa, gari likalala ubavu mtaroni. Injini ikazima. Uliwatoa wote saba kwa dirishani, mmoja mmoja, ukawahesabu kwa vitambaa vya vichwa. Wote wazima. Ungekaa pale kando ya njia nao, leo ungekuwa unanitukana. Lakini ulisikia pampu bado inanguruma na petroli inachuruzika majanini, na ni wewe peke yako uliyejua kwa nini. Ukawaambia wakimbie mbali. Ukarudi kuzima ufunguo, moto ukakuwahi.

Mjinga asiyejua angekimbia, Kombo. Mimi ningekimbia. Wewe elimu yako ndiyo iliyokurudisha.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama uwanja wa msikiti, mbele ya jeneza lako, kama desturi inavyomtaka mtu wa nyumbani, nikawaomba watu wamsamehe marehemu kwa uzembe wake wa kuhatarisha roho saba. Nilisema vizuri. Wazee walinipa mkono. Kisha miezi minne na siku kumi, dada yangu yumo edani, nilikwenda kila Jumapili kula muhogo wake wa nazi, nikimsikia anakulaumu wewe, na nikiomba mchuzi uongezwe.

Alipotoka eda, wiki iliyopita, alitia vyombo vyako kwenye gunia: kipimo, bisibisi, kile kikaratasi na fremu yake. Alitaka vitupwe. Alinipa mimi nikavitupe. Nilifika nalo mlangoni, nikalitua. Nikamwambia.

Hakulia, hakunipiga. Alikitoa kikaratasi chako guniani, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiegemeza ukutani. Akakwambia wewe, si mimi, "Kombo, radhi zangu zote unazo, baba, na la waya pia." Ndiyo habari niliyokuletea. Lala nayo.

Mimi aliniambia nirudi uwanjani, Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu wale wale niliowaomba wakusamehe wewe. Nikamwuliza, na mimi je, niwaombe wanisamehe?

"Usiwaombe kitu. Waambie, kisha ukae chini."

Ndiyo maana nimeiandika barua hii niwasomee, nisije nikafika pale nikaanza mzaha. Mnaonisikiliza: waya haukuwa wa Kombo. Ulikuwa wangu.

Nimesema. Nakaa chini.

Kaka wa mkeo