Barua Yenye Sahihi ya Mama

Jumanne, 11 Juni 1996

Sijamwambia mtu. Hata padri kwenye kitubio nilimruka. Ile barua ya Kiingereza iliyofika kwa meneja wa kiwanda cha samaki si ya mama. Niliiandika mimi. Sahihi yake niliiga kwenye daftari la hesabu, mara tatu ikakataa, ya nne ikatoka yake kabisa!

Pale kiwandani kila asubuhi wanawake wanapanga foleni, wananyoosha mikono. Mwenye kidonda hagusi minofu. Anarudishwa nyumbani, na siku hiyo halipwi. Mama alimwambia msimamizi wao, mama Getruda, kwamba amekatwa na bati. Bati gani? Ni baba, na chupa. Tangu apunguzwe kazini amekuwa mtu mwingine. Mama ananionya: mambo ya ndani hayaanikwi.

Nimeyaanika. Niliandika: mnanirudisha nyumbani nikapone, na nyumbani ndiko ninakoumizwa. Nipeni siku za kupona kwingine, na mshahara wangu.

Mlinzi wa getini, mzee Shimba, aliigeuzageuza bahasha. “Barua ya mapenzi hii, mjukuu?” Nilimwachia bila hata shikamoo. Nikakimbia.

Ijumaa, 14 Juni

Wamempa! Siku kumi na nne, mshahara kamili! Mama anasema likizo ya namna hii haimo kwenye karatasi yoyote pale. Tumehamia Kiseke kwa mdogo wake, mama mdogo Teodora.

Mama anadhani mama Getruda ndiye kamwombea. “Yule mwanamke ana roho! Na hakuniuliza hata swali.”

Nikainamia sufuria. Moshi ulinisaidia.

Jumatano, 19 Juni

Nina raha mpaka naona aibu. Mama kalala mchana — mchana! — mdomo wazi, redio inaimba peke yake. Alipoamka akanisuka, kichwa changu magotini kwake, akaniambia nina nywele kaidi kama bibi. Kidonda kimeshika ganda.

Jana baba alikuja. Mama mdogo alisimama mlangoni na ufagio. Shemeji, mgonjwa amepumzika, karibu siku nyingine. Kwa heshima zote! Lakini ufagio hakuushusha. Baba akautazama, akaondoka. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 22 Juni

Balaa.

Mzee Shimba kaleta bahasha toka kwa meneja. Akanikonyeza: “Umejibiwa, mjukuu.” Bahati mama alikuwa uani.

Kiingereza chote. Mama akanipa nimsomee. Meneja anamshukuru kwa barua yake ya ujasiri. Anaomba ruhusa isomwe kwenye kikao, bila jina, ili kila mwanamke anayeumizwa nyumbani apewe siku kama hizi. Ajibu akirudi Alhamisi.

Nikasema: wanakutakia afya njema, mama.

“Karatasi nzima ni afya njema?”

“Ndiyo, mama.”

“Hao Waingereza wana maneno!” Akaichukua. Akaitazama, akanitazama. Akajifunga kanga, akaenda nayo kwa mwalimu Byabato, nyumba ya tatu.

Hiyo ilikuwa saa nne. Sasa saa sita inakaribia. Nimechagua mchele mara mbili. Akikataa, wale wengine hawapati kitu, na kosa ni langu. Akikasirika — amewahi kunificha hata mimi, kidonda kikiwa mbele ya macho yangu! Nami nimemwambia mgeni.

Lango la uani. Amerudi. Sauti si ya hasira. Si ya mchezo pia.

“Teodora, hivi barua ya ofisini ukiitia sahihi, unaandika jina lote?”

Mama mdogo anacheka, anamuuliza anataka kumwandikia nani.

“Nipe kalamu kwanza.”

“Kalamu anayo mwanao.”

Kweli, ninayo. Ndala zake zinakuja, zinaburuta kama siku zote. Nausukuma ukurasa chini ya godor—