Shangingi Jeupe na Mdomo Wangu Kule Msalato

Mwanangu Yona,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu. Ni mimi baba yako, bado mzima, na bado mzuri wa sura kukushinda wewe. Usishangae mwandiko. Hizi herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima pale ofisi ya kijiji, na mwalimu alitamka mbele za watu kwamba hajawahi kuona mzee anayeshika kalamu kwa nguvu kama mimi. Nilikuwa nimemvunjia tatu. Barua hii sikuitia bahasha. Nimeiacha wazi kwa makusudi, na sababu utaikuta huko chini, kwa hiyo usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka mashimo tukipanda karanga.

Unakumbuka siku ulipoingia hapa Mlali na lile shangingi, gari lako jeupe? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, hata mzee wa kanisa aliuza sabuni kibarazani. Wewe ulikuwa unapeleka mahindi na alizeti Kahama, mambo yamekunyookea. Sisi huku magari tuliyoyajua yalikuwa na pembe. Mbele sanduku, nyuma sanduku, taa mbili zinakutazama kama mbuzi aliyekosa kazi. Lako likaja halina kona hata moja. Limevimba mashavu, taa zimelala kama mtu anayesinzia ibadani, vioo vya nyuma vyeusi, tairi la akiba limebebwa mgongoni kama mtoto.

Kijiji kikagawanyika pale pale. Vijana walisema hawajaona kitu kizuri namna ile, wakawa wanajitazama kwenye rangi yake na kuchana nywele. Mama yako alisema linapendeza kama mzazi aliyekunywa uji akashiba. Rafiki yangu Masinga alilizunguka, akashika kidevu, akasema huyu ni ng'ombe asiye na nundu, na ng'ombe asiye na nundu utajuaje kama anakula? Mpaka jioni watu walikuwa wanabishana. Nakumbuka mke wa Masinga alimwambia mumewe kwamba yeye mwenyewe hana nundu na chakula anamaliza.

Wakaniita mimi nitoe hukumu. Wangemwita nani mwingine? Mimi ndiye niliyepaka matrekta grisi kwenye yale mashamba ya karanga ya Wazungu kule Kongwa, nikiwa sijaota ndevu. Mimi ndiye niliyeendesha lori la misheni mpaka injini ikawa inaniita kwa jina. Mimi ndiye niliyelipitisha lori hilo kwenye tope la Mbande kwa rivasi, nimebeba kuku arobaini, na hakuna kuku aliyeamka. Basi nikalizunguka gari lako mara tatu, nikalipiga kofi ubavuni kama dume la mnadani, nikasema limekaa kama chura aliyemeza chungu.

Watu walianguka kwa kucheka. Na wewe ulicheka, Yona, nilikuona. Ukasema siku hizi magari yanachongwa laini ili upepo upite. Nikakwambia upepo wa Dodoma haujawahi kumwomba mtu njia.

Halafu ukafungua mlango wa nyuma. Ukalaza viti, ukatandika lile godoro jembamba la maua, ukaniita peke yangu ukaniambia, "Kuna jingine lilikuwa zuri zaidi kwa nje, baba. Lakini huku nyuma usingeenea."

Ulijua mgongo wangu. Ulijua kwamba lile lori la misheni ninalojisifia ndilo lililoniachia pingili zinazonikataza kukaa kitako zaidi ya dakika chache. Umenunua gari kwa kupima urefu wa baba yako. Na mimi nikasema nini? Nikasema mimi siyo gunia la alizeti. Asante haikutoka. Iko hapa kooni mpaka leo, imekaa kama mwiba wa samaki.

Sasa tufike Msalato.

Siku ya kwenda kumposa Tabitha wako tuliondoka alfajiri, wewe usukani, Masinga kando yako kwa kuwa yeye ndiye mshenga, mimi nimelala nyuma kama mfalme. Lile blanketi la posa, zawadi ya bibi yake binti, nilikuwa nimelikumbatia lisichafuke. Mbande tulisimama kunywa chai. Masinga alikwenda kutafuta maandazi, wewe ukaja mlango wa nyuma na kikombe changu, ukachuchumaa. Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Ulisema, "Baba, bibi yake Tabitha amezika kitindamimba wake mwezi uliopita. Marehemu aliletwa kutoka hospitali kwenye gari jeupe kama hili. Ningekuja na lori, ila mgongo wako. Wakiuliza habari ya gari, mwachie mshenga." Nikakujibu usinifundishe adabu, nimeposa kabla hujazaliwa.

Ulinionya. Nataka hilo lisomeke vizuri, ndiyo maana nimelikandamiza na kalamu. Ulinionya, na nilisikia.

Tulipofika walitupokea vizuri, tukasalimiana, tukaamkiana shikamoo na marahaba za kutosha. Na gari likafanya kule kile lilichofanya Mlali. Kaka zake Tabitha waligawanyika, mmoja anasema limechongwa kama yai la bata, mwingine anasema gari la kiume lazima liwe na kona. Baba mkwe alilipenda waziwazi, alikuwa analipapasa kwenye mashavu. Mimi ulikuwa umenishusha, nimesimama kando na fimbo yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kanuni iko hivyo, siku ya posa baba wa kijana ni kama kigoda, anakaliwa na hasemi. Lakini mimi, Yona, tangu ujana wangu, gari likiingia mahali watu walikuwa wanakuja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa natelemka, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa. Siku ile wote walikuwa kwako. Nikaona wivu. Wivu wa kumwonea mtoto wangu mwenyewe, na gari alilolinunua kwa ajili ya mgongo wangu.

Bibi akaja. Alikuja polepole, akaweka kiganja kwenye kile kiuno cha nyuma chenye kioo cheusi, akauliza kwa sauti ndogo sana huku nyuma kote kurefu hivi tunabeba nini. Masinga akafungua kinywa kujibu. Nikamwahi.

Nilisema, "Hili la kubebea maiti, bibi. Mimi mwenyewe nimetoka Mlali nimelala humo, nimefufuka hapa kwenu."

Vijana wawili walicheka. Halafu kicheko kikakatika kama kamba ya kisima. Bibi aliondoa mkono kwenye gari kama ameungua. Alikaa chini, mavumbini, palepale kwenye kivuli cha gari, na hakulia. Afadhali angelia.

Masinga ni mshenga mzuri, aliruka haraka kuziba. Akasema mzee hakujua, tumetoka mbali, habari za msiba hazikumfikia. Wote wakanigeukia. Hapo ndipo nilipokuwa na mlango, mwanangu. Wewe unajua mila yetu. Neno la mtu aliyejua ni kosa, na kosa lina mbuzi wake. Ningekiri, wangenitukana, wangenitoza mbuzi, bibi angesafishwa, na jioni tungekula ugali wa uwele na mlenda tukiwa wakwe. Lakini neno la mtu asiyejua halina mwenyewe. Huyo ni ndege mbaya, ishara ya mkosi, ametua tu, ameletwa na safari, ameletwa na gari, ameletwa na mwenye gari. Na ndege mbaya hana mbuzi.

Nilijua yote hayo. Nikaona aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya wakwe, mimi niliyezoea kusifiwa. Nikasema, "Sikujua."

Nilikutazama. Ulikuwa unatazama viatu vyako. Neno moja tu kutoka kwako lingeniangusha, na ungebaki na mchumba wako. Hukulisema. Uliacha baba yako abaki mtu mzima mbele za watu, ukambeba yule ndege mbaya wewe.

Bibi alisema binti yao hapandi hilo gari, si leo wala siku yoyote. Baba mkwe alijaribu, kusema kweli, lakini nani atampinga mama yake mwenye kaburi bichi? Walilikunja blanketi vizuri wakalirudisha. Tabitha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la chai. Hakujua aliweke wapi.

Kurudi nililala tena kwenye godoro lako. Kutoka Msalato mpaka nyumbani gari lenyewe halikuwa na kelele za kunisaidia. Ulinishusha, ukaniingizia na godoro ndani, ukaniambia lala salama baba. Asubuhi ulikuwa umeondoka kwenda Kahama. Tangu hapo miaka mitatu. Dawa ya kuchua unaniletea kwa madereva wa malori, kila baada ya mavuno, chupa mbili. Maneno huleti. Nawauliza hajambo? Wanasema hajambo. Nawauliza anasemaje? Wanasema amekupa dawa. Nimesikia na gari uliliuza. Walisema uliliuza kwa sababu ya gharama za vipuri, nikacheka mbele yao, nikaenda kusimama nyuma ya zizi.

Hapa kijijini bado wanabishana. Masinga bado anadai ng'ombe hana nundu. Siku hizi mashangingi ya namna ile yanapita mengi kwenda Dodoma mjini, wakati wa bunge ndiyo usiseme, na kila likipita watu wananitazama niseme lile neno la chura. Nasema. Wanacheka. Mama yako hacheki. Yeye juzi nilimwambia ukweli wa Mbande, wa kwanza kumwambia. Aliendelea kuchambua mlenda mpaka nikadhani hakusikia. Ndipo akasema, "Mdomo uliokwenda Msalato ndio urudi Msalato."

Basi unarudi. Jumamosi hii nakwenda. Nimechagua mbuzi, lile dume jeusi lenye ndevu kunishinda, na nimelitoa blanketi kwenye sanduku, halijaliwa na mende. Masinga anasema nimechelewa, kosa la miaka mitatu limeota mizizi, watanitimua na mbuzi wangu. Inawezekana. Bibi bado yupo, amezeeka. Tabitha anafundisha shule ya msingi hukohuko, na wanasema hajaolewa. Sikwambii kwamba anakusubiri, hilo silijui, na uongo wangu wa mwisho nilishausema. Namwendea bibi yake. Akinipokea mbuzi, ndege mbaya anakuwa si wako tena. Basi. Mengine ni ya kwenu wawili.

Ndiyo maana barua hii haina bahasha. Nilikukosea mbele za watu, siwezi kukuomba msamaha chumbani. Nakala moja nitaisoma mwenyewe uani kwa bibi, nimesimama, kwa sauti, hata nikikwama kwenye maneno marefu. Hii nyingine nawapa madereva pale Kibaigwa. Waisome kwenye chai, wacheke kwenye kuku arobaini, wanyamaze kwenye bibi, wakabidhiane mpaka ikufikie Kahama. Ikikufikia imechafuka grisi, ujue wengi wameshajua kwamba hukuwa wewe. Nilikuwa mimi.

Nitakwenda juu ya magunia, kwenye lori. Mgongo utanitukana njia nzima na nitaunyamazia, maana kwa mara ya kwanza utakuwa na haki.

Na kabla sijaweka kalamu chini, hukumu ile ya Mlali naifuta. Lile gari lilikuwa zuri, Yona. Nililijua ni zuri siku ile ya posa, tukitoka Mbande, wakati wewe ulikuwa unakwepa mashimo polepole ili usiniamshe. Nilikuwa macho.

Mimi baba yako,
niliyelala nyuma.