Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Fengyuan, 9 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Ping-yao,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe na wifi mna afya, na baridi ya huko haijawazidi. Mimi mzima. Baba naye anakula, ila uji wa viazi vitamu anausukuma pembeni. Anasema si mkono wa Mama.

Tangu tumzike Mama, Baba hajakosa karakana hata asubuhi moja. Lakini mwezi uliopita kalibu zake za soli za viatu zilirudishwa zote. Michoro ilikuwa imekwenda upande. Fundi Lai, aliyezirudisha, alimtania kwamba mashine yake ya kuchonga ni kipofu asiyeuliza njia. Baba akamjibu kwamba ya Lai ni mmbeya, haipigi hatua bila kupeleka habari.

Unakumbuka alivyotufundisha. Kiendeshi cha mota ya hatua, kama cha Baba, huamuru tu: songa, songa. Mota ikikwama, chenyewe hakijui. Kinaendelea kuhesabu, na kisu kinachonga pasipo mahali pake. Kiendeshi cha sevo, kama cha Lai, huletewa habari na jicho lililo nyuma ya mota, kikasahihisha kosa papo hapo. Kikishindwa, hulia na kusimama. Baba alishikilia ile ya hatua kwa kuwa haina mambo mengi, na kwa kazi nyepesi ilimtosha. Sasa beringi zimekauka. Mama ndiye aliyekuwa akizipaka grisi.

Ndiye pia aliyekuwa akibadilisha ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, inayokaa juu ya mashine kama hirizi ya mafundi, ili mashine itulie isiharibike. Nadhani hujasahau ulivyochapwa kwa kuigusa.

Kaka, juzi nilimkuta Baba ameifungua, anaila taratibu. Akaniuliza Mama amechelewa wapi na chakula. Nilimwambia ukweli, akalia kama siku ya mazishi. Baada ya chai akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia upya. Jana nilimjibu kwamba yuko njiani. Alishukuru, akaiwasha mashine, ikachonga hewa tupu hadi jioni. Sikuizima.

Daktari hana tumaini la kunipa, nami sina la kukutumia. Nilimwonyesha Baba picha yako. Alisema kijana huyu ana uso wa watu wema, akauliza ni mtoto wa nani.

Msalimie wifi. Mkiketi kula, naomba mtukumbuke.

Dada yako,
Pi-yun