Wanane Wakawa Saba

Jumatatu, 18 Septemba 2023

Wilaya imesema. Ifikapo Februari, kila idara ya ushauri nasaha ionyeshe kama iko tayari kwa mfumo mpya wa viwango. Si kusema tena "tunawasaidia watoto." Ni kuonyesha: mtoto alikuwa hapa, sasa yuko pale, namba hii hapa. Na mshauri wa shule itakayofanya vizuri ndiye atakuwa mratibu wa wilaya nzima. Ofisi mjini, dirisha kubwa, hakuna kengele. Naitaka kazi hiyo mpaka usingizi unaruka.

Verla Quist, mwenzangu wa meza ya pili, aliposikia akacheka. Miaka ishirini na saba yuko hapa, kumbukumbu zake zote ziko kichwani na kwenye boksi la viatu. Akaniuliza, sasa mtoto akilia kwangu nusu saa niandike nini? Nikamwambia aandike nusu saa. Maskini Verla. Mfumo huu utamwacha kituoni.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimechagua wanafunzi wanane wa darasa la tisa, wale waliokosa shule kuliko wote mwaka jana. Kila Jumanne na Alhamisi, saa moja kamili asubuhi, kabla ya masomo. Kupanga siku, kulala mapema, kujua kuomba msaada. Na keki na chokoleti ya moto, maana bila chakula hawaji ng'o. Lengo: siku za kukosa shule zipungue kwa asilimia thelathini. Barua zimekwenda kwa nyumba zote nane.

Mkuu wa shule, Bwana Oesterle, akasoma lengo, akauliza, "Bi Sorlie, thelathini si nyingi?" Nikamwambia ni nyingi kwa wengine.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kumi na moja. Asilimia kumi na moja tu! Nikarudia hesabu. Ile ile.

Saba wanakwenda vizuri. Anayeniangusha ni mmoja: Kenzie Nygard. Nywele za kujikatia mwenyewe, koti la mtu mzima, anaishi na bibi yake. Kinachoniudhi ni hiki – kikundini hajakosa hata mara moja. Anafika wa kwanza, anapanga viti. Halafu Jumatatu haonekani, Jumatano haonekani, Ijumaa ndiyo usiseme. Anakuja kula keki yangu na kuniharibia hesabu.

Nikamfuta kwenye jedwali, kujaribu tu. Arobaini na mbili.

Nilikaa nikaitazama hiyo namba muda mrefu. Nzuri kweli.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimemtoa. Niliporudi na keki nilimkuta ameshapanga viti, nikamwambia kikundi kimejaa. Hakubisha. Akauliza kama arudi Alhamisi. Nikasema hapana. Akauliza kama anaweza kukaa tu, bila kuongea, bila kula. Nikasema viti havitoshi. Viti vilikuwa vinane, amevipanga yeye.

Akasema sawa. Akavaa lile koti akatoka.

Nilijisikia vibaya hadi kama saa nne. Kisha nikawa na mkutano.

Barua ya kuwaarifu nyumbani sikuandika. Barua huleta simu, simu huleta bibi.

Jumatano, 13 Desemba

Verla kaingia bila hata salamu, kasimama mbele ya meza yangu na buti zake za theluji zinachuruzika zuliani. Anasema jana saa moja na robo asubuhi amemwona Kenzie ng'ambo ya barabara, kwenye lile duka la mashine za kufulia, amekaa anatazama nguo za watu zikizunguka.

"Si yule wa kikundi chako?"

"Alikuwa."

"Alikuwa kivipi? Umemtoa?"

"Anakosa shule, Verla."

"Wewe! Kikundi si cha wanaokosa shule?"

Nikamwambia ajaze kwanza fomu zake za saa za kazi, wiki mbili ziko tupu, ndipo aje kunifundisha kazi. Nikamwambia pia – na hili nilikuwa nimeliweka tayari – kwamba mfumo ukianza huenda chumba hiki kikabaki na meza moja. Uso ukamshuka. Akaenda kukaa. Nilifurahi, niseme ukweli.

Mtoto akiamka alfajiri ili atoroke shule, hilo nalo ni langu? Atakuwa na kivulana chake huko.

Siku kumi na tisa amekosa. Hayumo kwenye jedwali.

Jumatatu, 22 Januari 2024

Arobaini na sita!

Mfumo unataka kamati ya wadau: mwalimu, mtu wa bodi, mfanyabiashara, mzazi. Tunakutana Februari mosi, na mkurugenzi wa wilaya atakuwepo. Oesterle kasema mzazi nimwachie yeye. Amlete yeyote, mradi asiwe wa maswali.

Verla nimemwondoa kwenye orodha ya wazungumzaji. Atagawa kahawa.

Alhamisi, 1 Februari 2024

Saa kumi na moja jioni. Naandika ofisini, mlango nimeufunga kwa ndani. Wanakamati wako chumba cha pili, nasikia vikombe.

Ilianza vizuri mno. Arobaini na sita ukutani. Mkurugenzi akaiandika, akaipigia mstari mara mbili. Kisha Oesterle akasema, sasa tumsikie mzazi. Akainuka mwanamke mfupi, sare ya kiwanda cha nyama ya batamzinga, kofia mkononi. Arlys Nygard. Sura sikuijua. Jina nililijua.

Oesterle kalipata jina lake kwenye barua za Oktoba. Zile za wanane.

Nilingoja aniumbue. Hakuniumbua. Alinishukuru.

"Mimi si msemaji, mnisamehe. Zamu yangu inaanza saa moja. Basi Jumanne na Alhamisi namshusha mjukuu wangu mlango wa pembeni saa moja kasorobo, anakuja kwa mwalimu huyu. Siku nyingine namwacha kitandani, naondoka, hata kama anaamka sijui. Ila hizo mbili hajakosa tangu Oktoba. Hata ile wiki ya baridi kali. Nilimwambia leo lala, akanijibu, bibi, mwalimu ananisubiri. Mwalimu, Mungu akuzidishie."

Wakapiga makofi. Mkurugenzi akafuta jicho.

Miezi mitatu! Mlango ule wa pembeni naufungua mimi kwa dakika tano, wakiingia saba naufunga. Sijawahi kumwona pale nje. Sijawahi kutazama.

Verla alikuwa amesimama na birika. Sentensi moja tu ingetosha kunimaliza, na aliijua. Akanitazama, akaenda kummiminia bibi kahawa.

Mkurugenzi akasema angependa kumsikia binti mwenyewe. Nikawahi kusema ameshakwenda nyumbani. Bibi akacheka.

"Yuko hapo nje garini, ananisubiri mimi. Ngojeni nikamwite."

Nikaomba dakika mbili, eti nachukua takwimu.

Dirisha langu linatazama maegesho. Bibi amefika garini, anagonga kioo. Anaongea, anaonyesha huku. Kenzie anatikisa kichwa. Bibi kafungua mlango, anamvuta mkono taratibu, anacheka.

Nimeshapanga la kumwambia kabla hajaingia. Sema umo kikundini. Sema umo tu, na Jumanne kiti chako kipo. Mtoto wa miaka kumi na minne, nitamwomba anidanganyie mbele ya bibi yake. Na atakubali. Hilo ndilo baya kuliko yote – atakubali, tena atashukuru.

Hawaji mlango mkubwa. Bibi anamleta kwenye ule anaoujua, wa pembeni. Anauvuta. Anauvuta tena, anamgeukia mjukuu wake, anauliza kitu. Kenzie hagongi. Amesimama pembeni kidogo, mgongo ukutani, mikono ndani ya mikono ya koti, kama mtu aliyekwisha kuchagua mahali pake.

Oesterle yuko nje ya ofisi yangu, anabisha.

"Bi Sorlie? Kuna watu mlango wa pembeni. Ufunguo unao wewe."